Bwana Gramu Anatafuta Siti

Mume wangu alifanya kazi ya ukaguzi wa mizani miaka thelathini na mmoja, na sokoni hawakumjua kwa jina jingine ila Bwana Gramu. Akiingia kwa muuza sukari, muuza sukari anatokwa na jasho kabla hajasalimiwa. Alistaafu kwa heshima, akapewa cheti chenye fremu, akarudi nyumbani na kazi yake yote kichwani. Tangu siku hiyo hakuna kilichoingia nyumbani kwangu bila kukaguliwa, kuanzia sabuni hadi wageni.

Kwa hiyo daktari, binti mpole wa umri wa mwanetu wa mwisho, alipomwambia presha yake imepanda mno, nilijua tuna shughuli.

"Mzee, dawa peke yake hazitatosha," alisema. "Magoti yako hayataki kukimbia, basi panda baiskeli. Nusu saa kila siku. Mkirudi baada ya miezi mitatu nataka nikute presha imeshuka. Isiposhuka, huu moyo sidhani kama utavumilia."

Nilitoka pale nimekumbatia bahasha ya dawa zake. Yeye alitoka akiuliza siti ya baiskeli inatakiwa iwe na upana gani.

Baiskeli ilinunuliwa wiki hiyo hiyo, ya kijani, yenye keria nyuma na stendi ya miguu miwili. Bwana Gramu aliipanda kutoka mlangoni mpaka getini, akashuka amekunja uso.

"Siti hii haifai."

"Umeikalia hatua kumi tu, mume wangu."

"Zimetosha. Siwezi kukalia kitu ambacho hakijaidhinishwa."

Balaa likaanzia hapo. Kesho yake nilimkuta jikoni amemwaga unga juu ya benchi, ameusawazisha kwa rula, kisha akaukalia taratibu kama kuku anayeatamia. Akainuka, akapima umbali kati ya mashimo mawili aliyoyaacha, akaandika. Mdogo wangu, ambaye ni fundi sofa, akabisha hodi wakati huo huo. Bwana Gramu alimfungulia mlango, akageuka kumwongoza sebuleni akiwa na mabaka mawili meupe nyuma ya suruali. Mdogo wangu ana adabu, aliangalia dari.

Jalada likafunguliwa. Kila siti ilipewa namba na kufanyiwa majaribio. Na majaribio yenyewe yalikuwa hivi: baiskeli inaegeshwa sebuleni kwenye stendi, Bwana Gramu anapanda, anakaa nusu saa akisoma gazeti. Pedali hazigusi, maana alisema kukanyaga ni hatua ya pili. Mwishoni anashuka na kujaza fomu: upana, ugumu, malalamiko, uamuzi. Mimi natia sahihi kama shahidi. Niliwahi kumuuliza nimeshuhudia nini hasa, akaniambia nisivuruge utaratibu.

Siti namba moja ilikuwa ya ngozi, akasema ngumu. Namba mbili ilikuwa laini, akasema inammeza. Namba tatu ilikuwa na tundu katikati.

"Hili la nini?" alimuuliza fundi baiskeli, aliyekuwa ameileta mwenyewe kwa heshima ya mteja mpya.

"La kupitisha hewa, mzee."

"Hewa iende wapi?"

Fundi alinitazama kuomba msaada, nami nikajitia hamnazo. Namba tatu ikakataliwa kwa kukosa maelezo ya kutosha. Namba nne aliitengeneza mdogo wangu kwa mapenzi yote ya shemeji: velveti nyekundu, sponji nene, vifungo vinavyong'aa. Ilikuwa pana kiasi kwamba Bwana Gramu alionekana amekalia pipa. Aliipa alama saba kwa kumi, haijatokea nyingine kuipita, kisha akaikataa kwa sababu kifungo kimoja kilikuwa kimekaa upande.

Zilifuata nyingine. Fundi baiskeli alikubali tuwe tunabadilishana mpaka ipatikane inayofaa, maskini hakujua anakubaliana na nani. Karakana yake iko njia panda, ng'ambo ya kilima kilicho kwenye njia ya hospitali, na Bwana Gramu hawezi kupanda siti iliyokataliwa. Nikapanda mimi. Nilikuwa sijagusa baiskeli tangu usichana, shangazi aliponituma huku na huku, na siku ya kwanza nilishuka nikitetemeka magoti. Wiki ya tatu nilikuwa napandisha kilima bila kushuka. Siti zote alizozikataa nilizikalia mimi. Zinauma, ndiyo, siku mbili tatu, halafu mwili unazoea. Nilimweleza hivyo. Akanijibu kwamba mimi si kipimo sahihi.

Majirani walicheka, nami nikacheka nao. Lakini akipanda ngazi tatu za barazani nilikuwa nasikia anavyohema. Nilianza kuhesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na mume wangu hajaendesha baiskeli hata mpaka duka la kona. Nilimsihi, nikamnunia, nikamtishia kumwita dada yake mkubwa. Alinionyesha jalada na kusema kazi inaendelea.

Siku ya kurudi hospitali yeye alikwenda na teksi, mimi nikatangulia na baiskeli. Nesi alimfunga mkanda mkononi, akapima, akapima tena.

"Imepanda zaidi," alisema.

"Mashine hii ilikaguliwa lini?" akauliza Bwana Gramu. "Sioni muhuri."

Nesi akamtazama daktari. Daktari akasogea, akanigusa bega. "Mama, hebu kaa na wewe tukupime."

Nilikaa. Presha yangu ilikuwa nzuri mpaka daktari akatabasamu. "Mama umefanya nini?"

"Nimerudisha siti," nilimwambia.

Daktari hakuelewa, na sikuwa na hamu ya kueleza. Akamgeukia mume wangu, akasema kwa upole, "Mzee, mashine ni ile ile." Akamwongezea dawa, akataka amwone baada ya mwezi mmoja badala ya mitatu. Wakati wa kuagana alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Ile salamu sikuipenda hata kidogo.

Nje, teksi ilikuwa inasubiri. Nikamwambia dereva aende zake. Bwana Gramu akafungua mdomo, akaniona uso, akaufunga. Tukaanza kutembea, mimi nikikokota baiskeli. Tulipofika chini ya kilima aliketi kwenye ukingo wa mtaro, jasho linamtoka. Hapo mori ukanipanda.

"Mimi sitaki kuwa mjane kwa sababu ya siti," nilimwambia. "Unanisikia? Wakiniuliza mumeo kafa na nini, niwajibu nini? Niwape jalada wasome?"

Nilikuwa na mengine mengi ya kusema, nimeyaweka miezi mitatu, lakini nilimwona vidole vinachezea kifungo cha shati, na hiyo si tabia yake.

"Unamkumbuka yule niliyekuwa nakaa naye meza moja ofisini?" aliuliza.

Nilimkumbuka. Alifariki mwaka wa kustaafu kwao.

"Alianguka barabarani asubuhi. Watu walidhani kalewa, wakawa wanamkwepa. Alikaa pale chini mpaka mchana. Mtu mzima, na kalamu mfukoni. Yeye alikuwa anapendwa na kila mtu. Mimi wanaonijua mtaani ni wale niliowafungia mizani. Nikianguka, nani atasimama?"

Hasira zangu zote zikaniishia, nikabaki na aibu. Nilikuwa nimetia sahihi fomu kumi za mtu anayeogopa, na kwenye safu ya malalamiko hakuandika hofu yake hata mara moja. Nami, mke wake wa miaka yote hiyo, nilikuwa nacheka na majirani.

Niliegesha baiskeli, nikakaa naye kwenye mtaro.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia na mimi." Nikamfuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Kesho tunatoka wote. Wewe utapanda, mimi nitatembea nyuma yako."

"Utaachwa."

"Kwa mwendo wako?"

Akakaribia kucheka. Kisha akauliza tunatoka saa ngapi, nami nikamwambia saa kumi na mbili na nusu, asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Kesho yake alipanda siti iliyokuwepo, namba kumi na moja, ambayo ilikuwa bado haijajaribiwa sebuleni. Nilishika keria kwa mkono mmoja. Alikanyaga taratibu, baiskeli ikiyumba, akapita geti, akapita duka la kona. Kwenye kona ya pili nilimsikia anavuta pumzi.

"Inauma," alisema, bila kugeuka.

"Najua," nilimjibu. "Kanyaga."