Mpinzani wa Daktari Bangash

Haya alinisimulia Naheed, jirani yangu hapa Islamabad, majira ya baridi yaliyopita, tukimenya njegere juani kwenye baraza lake.

Mumewe, Daktari Ihsan Bangash, umri wake wote umeishia katika taasisi ya utafiti wa usalama wa taifa. Husoma vita ili watu wasipigane. Neno lake kubwa ni moja: askari wetu na wa India walioko juu ya barafu ya kaskazini washushwe kwanza, ubishi wa ramani uje baadaye.

Basi mzee akaanza kusahau. Leo miwani, kesho jina la binti yake. Na mwenyekiti mpya wa taasisi, Jenerali mstaafu Sherzaman, akasema atamsikiliza kwenye mhadhara, ndipo aamue kama abaki na chumba chake cha kazi au akapumzike nyumbani.

"Akipumzika ataniishia," Naheed aliniambia. "Asubuhi huamkia kile chumba, haniamkii mimi."

Pale kuna desturi: kila msoma mada huwekewa mchambuzi wa kumpinga hadharani, naye hupelekewa karatasi mapema. Wa Bangash alikuwa Daktari Farkhanda Awan, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye humpinga miaka nenda miaka rudi. Naheed hakumpenda. "Idi anakula pilau yangu, ikipita anamla mume wangu."

Siku ikafika. Mzee alianza vizuri, akafika katikati, akanyamaza. Akapekua kurasa, akarudi alikotoka, akasoma yale yale. Watu wakaanza kutazamana. Jenerali akaweka kikombe chini.

Farkhanda akasimama kabla ya zamu yake. "Mwenyekiti, niwie radhi, nimechoka kungoja. Sote tunajua mwalimu anakoelekea. Siku zote amesema askari wabaki kule juu mpaka ramani isainiwe."

Uongo mtupu. Hata Naheed, ambaye huyasikia mambo hayo akikaanga vitunguu, alijua. Alitamani kumrushia sambusa.

Mzee akainua kichwa. "Nani kasema?"

"Wewe, mwalimu."

"Lini? Binti, ulikuwa unasinzia darasani?" Watu wakacheka. "Kule baridi inaua kuliko risasi. Ukingoja ramani, utaisaini juu ya majeneza. Mshushe kwanza mtoto wa watu."

"Na tukishuka, wenzetu wakapanda?"

"Hilo ni swali la mtu aliyekaa karibu na hita."

Karatasi akaisukuma kando. Kila Farkhanda alipopinda neno, yeye alilinyoosha, mpaka mada yote ikatoka, na zaidi.

"Mtu mkali hivi nimtoe, nibaki na nani?" Jenerali akasema. "Chumba ni chake."

Mlangoni Naheed akamshika Farkhanda mkono. "Ile karatasi uliisoma."

"Niliisoma, mama. Ukurasa mmoja ameuandika tena na tena."

"Ukakubali kuonekana mjinga mbele ya watu wote wale."

"Anapenda sana kunisahihisha. Usimwambie."

"Ijumaa uje kula," Naheed akasema. "Na uje na njaa."

Nyumbani mzee alikula dengu na wali, akiongea kinywa kimejaa. "Umeona nilivyomnyoosha?"

"Nimeona."

"Hasomi yule. Itabidi nimwazime vitabu."

"Mwazime, baba."

Akalala pale pale kwenye kochi, soksi miguuni. Naheed akamvua miwani, akamfunika shali yake mwenyewe, akaketi miguuni pake afumbe macho kidogo tu, na usingizi ukamchukua naye.