Vyombo Vilivyolala Wazi

Suad alikuwa amenuna, na Suad akinuna mtaa mzima wa Liverpool, hapa Sydney, unajua. Mumewe, Masoud, alikuwa ametangaza kwamba Ramadhani ijayo ikiisha atarudi Mombasa kwa kaka yake Yazid, akakae huko moja kwa moja. Mgongo ulimharibikia ghalani kule Ingleburn, kazi ikaisha, na mwanamume asiye na kazi Sydney, kwa maneno yake mwenyewe, ni mzigo tu. Suad na binti yao Alya wangebaki, maana Alya ana mitihani. Suad alimjibu, "Haya, nenda salama," akaingia jikoni. Moyoni alikuwa analia. Lakini kumwambia abaki? Thubutu! Tangu siku hiyo hawakuzungumza ila ya chumvi na funguo.

Kitu pekee kilichomtoa Masoud kitandani ni uchoraji, na huo aliletewa na Bi Nunzia, bibi wa Kitaliani wa nyumba ya pili. Alimpa rangi zake za zamani na kitabu cha picha, akamweleza habari za mchoraji mmoja wa kwao, wa karne iliyopita, aliyechora chupa zilezile na mitungi ileile chumbani mwake karibu maisha yake yote. Hakuna mtu kwenye picha zile, hakuna ndege wala samaki. Ni chupa tu, zimesimama bega kwa bega na vumbi lake. Masoud, aliyefunzwa tangu utoto asichore chenye roho, aliona mlango umemfungukia.

"Mtu mzima na akili zake anatazama chupa!" Suad alimwambia Bi Nunzia. "Hakuwa na mke huyo?"

"Hakuwa naye. Aliishi na dada zake."

"Nilijua."

Masoud akapanga meza gerejini: dele la kahawa, gudulia, bakuli la udongo na chupa mbili za siki. Akawa anakaa nazo kutwa. Picha yenyewe kila jioni aliigeuza ukutani, asiione mtu.

Sasa, mwanamke aliyelelewa Kibokoni, Mombasa, halali na chombo kikiwa wazi. Ndivyo alivyofunzwa na mamake na chuoni kwa Kurani pia: kabla ya kulala, taja jina la Mungu, funika vyombo. Kwa hiyo kila alipomaliza jikoni, pamoja na kununa kwake, Suad alipita gerejini akafunika. Kisahani juu ya gudulia, kawa juu ya bakuli, dele likapata kifuniko chake, na chupa akazifunika kwa vikombe. Wala hakufikiri, mikono ilikwenda yenyewe.

Jumamosi moja Bi Nunzia alimwita uani, amekunja uso. Alikuwa amechungulia gerejini asubuhi, akaona vyombo vimefunikwafunikwa. Nani anafanya vile? Vyombo vya mchoraji havisogezwi hata kidogo mpaka picha iishe. Kivuli kikihama, kazi yote imeharibika.

"Maskini mumeo," alisema. "Mpole mno. Hatakwambia."

Kumbe anayemfukuza mume ni yeye mwenyewe, tena kwa visahani! Kitu kimoja tu kilichokuwa kikimshikilia mtu nchi hii, na yeye akawa anakivuruga kila siku ya Mungu. Jioni ile alisimama mlangoni mwa gereji, akavitazama vile vinywa vilivyoachama, mikono ikimwasha. Akasoma bismillahi kwa ajili ya vyote kwa pamoja, akazima taa, akaenda zake.

Asubuhi alikuwa akikoroga chai Masoud alipoingia jikoni, amesawijika uso.

"Mama Alya, jana hukupita gerejini?"

"Nilipita."

"Mbona hukufunika?"

"Nimekuachia uchore, jamani! Bi Nunzia amesema nakuharibia."

Masoud alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya muda mrefu, akampeleka gerejini, akaigeuza picha. Suad akatazama. Vyombo vyote vilikuwa vimefunikwa. Kawa limekaa upande juu ya bakuli, vile hasa alivyolibwaga siku moja akiwa na hasira zake, na kikombe cha kupinduliwa kimening'inia kwenye shingo ya chupa.

"Mimi nilipanga vyangu," Masoud alisema, "wewe ukaja ukaweka vyako juu. Husemi nami, hunitazami, lakini kila jioni nikishavifunua unakuja kuvifunika. Nikasema hiki ndicho nitakachokichora. Leo nimevikuta wazi, nikajua basi, umeshaniaga."

Machozi yakamtoka Suad, wala hakuyafuta.

"Usiende, Baba Alya."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Na wewe mbona hukuuliza? Ulitangaza tu, utadhani unasoma taarifa ya habari!"

Masoud alikaa kitini taratibu, mkono mgongoni. "Yazid ameshanipakia rangi chumba," alisema kwa sauti ndogo.

"Vizuri," alisema Suad. "Mwambie akipangishe."