Mwali na Dishi la Kuku

Siku nne kabla ya harusi ya Mwamini, baba yake alianguka na pikipiki akavunjika mguu. Mzee Shaibu alikuwa akirudi kutoka mjini Nachingwea na gunia la mchele wa pilau. Mchele ulisalimika wote. Yeye akalazwa hospitali ya mbali, na mkewe, Mama Hadija, akafunga kanga zake akaenda kumuuguza.

Ujumbe uliletwa na mtu wa bodaboda, maana kijijini kwao, huko bondeni upande wa Marambo, simu hazishiki. Mzee alikuwa ameagiza hivi: harusi isiahirishwe. Wakwe wameshakodi gari kutoka Nandagala, wilaya ya Ruangwa. Ijumaa ibaki Ijumaa.

Shekhe Saadi hakuona shida. "Baba anaweza kunipa uwakili nikamwozesha binti yake. Atumwe mtu na shahidi, wakamsikilize, warudi na neno lake."

"Mimi sitaki ruhusa ya kuletwa na pikipiki," alisema Mwamini kutoka ndani. "Pikipiki ndiyo imemvunja. Nataka baba aseme mwenyewe, na mama aone."

"Aone kwa macho gani?" aliuliza shangazi yake, Biasha. "Wewe ni mwali. Kaa, nikupake msio."

Mwamini alikaa, akapakwa unga huo wa manukato usoni. Lakini alikuwa fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda chake mjini, na mikono yake haikuzoea kutulia. Alichungulia dirishani. Uani kwa baba yake mdogo, Masoudi, kulikuwa na dishi kubwa la wavu, la zile enzi ambazo Masoudi alikuwa na banda la video na kijiji kizima kilijaa humo kutazama mpira. Banda lilianguka miaka mingi iliyopita. Dishi lilifunikwa juu ya kuku, likawa tundu lao.

"Shangazi," alisema, "hilo dishi linaweza kuvuta mtandao."

"Hilo lina kuku."

Asubuhi ya Alhamisi, shangazi alipokwenda kisimani, mwali alitoka nje na msio wake usoni, mtandio kichwani, koleo mkononi.

Masoudi alimkuta ameshawaachia kuku huru. Alitaka kufoka, lakini alipoona dishi limesimamishwa wima kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitano, aliingia ndani. Akatoka na nyundo.

Hali ya dishi ilikuwa mbaya. Mbavu nne zilikuwa zimepinda, na upande mmoja wavu ulikuwa umechanika kiasi cha mtu kupitisha kichwa. Walizinyoosha mbavu juu ya jiwe, polepole, Masoudi akigonga na Mwamini akifumba jicho moja kuangalia kama mviringo umerudi. Palipochanika walishona kipande cha wavu wa kufugia kuku, wakaufunga kwa waya mwembamba.

"Si matundu yake makubwa?" aliuliza Masoudi. "Ya wavu wa kwanza yalikuwa madogo madogo."

"Kwa televisheni yangesumbua. Mawimbi ya simu ni marefu, hayapenyi hapo. Yanagonga, yanarudi."

Pale mbele, kilipokaa zamani kile kichwa cha kunasia satelaiti, Mwamini alifunga rauta yake ya mfukoni, kile kifaa kidogo cha kunasa mtandao, ndani ya kopo la plastiki la siagi ili umande usiiguse. Kisha wakalipandisha dishi juu ya uchanja wa kuanikia mihogo, na Masoudi akalielekeza juu mawinguni.

"Baba mdogo, si huko. Mnara uko chini, nyuma ya ile mikorosho."

"Dishi hutazama juu, mwanangu. Nimelifunga mimi hili, wewe unanyonya."

"Leo halitafuti satelaiti. Lilaze."

Walililaza. Likawa linatazama mikorosho kama mtu anayesubiri mgeni. Taa ya rauta ikawaka nyekundu. Wakalisogeza kushoto, nyekundu, kulia, nyekundu. Adhuhuri ikafika. Shangazi Biasha akarudi kutoka foleni ya kisimani. Alisimama uani na ndoo kichwani, akasema yote aliyokuwa nayo: kwamba mwali amepigwa jua, kwamba hina haishiki kwenye mikono yenye kutu, kwamba watu wa Nandagala watasema wameozwa kibarua. Mwamini alikuwa amekaa chini. Kwa mara ya kwanza macho yalikuwa yamemjaa maji.

Shangazi akatua ndoo. "Kwani limekataa?"

"Limekataa."

"Mbona hicho kikopo kimekaa upande?"

Mwamini aliinua uso. Kweli, mkono wa chuma ulioshika kopo ulikuwa umepinda, na kopo lilikuwa karibu mno na wavu. Alikuwa amenyoosha mbavu zote akausahau mkono. Alichukua kamba akapima upana wa dishi, akapima na kina chake, akaokota mkaa akapiga hesabu kwenye ukuta wa baba mdogo bila kuomba ruhusa.

"Sentimita tisini kutoka katikati," alisema. "Sisi tuliweka sitini."

Walikata fito tatu za mwanzi, wakaziunga mahali pa ule mkono, kopo likasogea mbele zaidi, likakaa usawa wa katikati kabisa. Shangazi Biasha mwenyewe alishika ukingo wa dishi, akalisogeza kidogo kidogo kama anavyoambiwa. "Rudisha. Kidogo tena. Hapo! Usipumue!"

Taa ikageuka kijani.

Simu ya Mwamini ikaanza kulia mfululizo, ujumbe wa siku nne ukimiminika kwa pamoja. Masoudi alipiga kelele zilizowatoa majirani majumbani. Shangazi hakuthubutu kuliachia dishi mpaka walipolifunga kwa kamba sehemu sita.

Ijumaa baada ya swala, wanaume walijaa barazani, wanawake wakajaa ndani na Mwamini. Simu ilifungwa kwenye nguzo ya mlangoni, kamera ikiwafikia wa barazani na Mwamini kule ndani, na Masoudi akaiunganisha na spika lake kuukuu la banda la video. Picha ilipotokea, Mzee Shaibu alikuwa amevaa kofia yake ya Ijumaa kitandani, mguu umening'inizwa, na Mama Hadija pembeni amejifunga kanga mpya.

"Mnanisikia?" Sauti ilitikisa mabati.

"Tunakusikia, mzee, punguza kidogo," alisema Shekhe Saadi, na baraza zima likacheka. Kisha akamuuliza rasmi.

Mzee Shaibu alikohoa. "Mimi Shaibu nimekupa uwakili wewe, Shekhe Saadi, umwozeshe binti yangu Mwamini kwa Faridi, kwa mahari tuliyokubaliana." Akanyamaza. Watu wakadhani mtandao umekatika. Haukukatika; mzee alikuwa analia. "Na mwambieni," aliongeza, "namwona."

Shekhe alipotamka ndoa, Faridi, aliyekuwa ametokwa jasho tangu Nandagala, alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani kwamba amekubali kumuoa. Kigelegele cha kwanza hakikutoka ndani kwa wanawake. Kilitoka kwenye spika: Mama Hadija, wodini, bila kujali wagonjwa wala manesi. Wodi nzima ikamwitikia.

Pilau ikaliwa, ngoma ikapigwa. Faridi alipoishika mikono ya mkewe aliona michubuko katikati ya hina.

"Nimeambiwa umeshinda juu ya uchanja."

"Nimeshinda."

"Kwetu Nandagala nako mtandao unasumbua," alisema, akacheka. "Mama yangu ameshaniuliza kama una dishi jingine."

Alasiri gari likapiga honi. Mwamini aliitoa simu kwenye nguzo, akatembea nayo taratibu, mama yake akimsindikiza kutoka hospitalini kwa maneno: inua gauni, usilie, msalimie mama mkwe kwanza kabla hujakaa. Kwenye kona ya ua picha iliganda, mama akiwa ameachama katikati ya kicheko. Mwamini akaitazama kidogo, akaitia simu kifuani, akapanda gari.