Bi Kipara wa Jenasi ya Pembe

Daktari wa macho alikataa kuligusa jicho lililovimba la binti aliyeletwa na dada yake kutoka kazini, kwenye nyumba ya buibui. Hatii kibano ndani ya jicho la mtu kwa kubahatisha, alisema. Kama ni uchafu uliovimbisha, dawa ya matone itatosha. Kama ni nywele za buibui, zitolewe leo hii, moja moja, chini ya darubini, maana kadiri zinavyokaa zinazidi kuzama, na jicho halina spea. Akampigia simu tajiri mwenye buibui hao. Tajiri, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, akamjibu kwamba buibui wake wote ni wa jenasi ya pembe, vibandiko vinasema hivyo, na jenasi ya pembe hairushi nywele. Huyo binti kajisugua kwa mikono michafu, basi.

Ndivyo ilivyo tangu dunia iwe dunia. Tajiri hana buibui wabaya, ana wafanyakazi wazembe.

Dada Mkubwa akamwacha mdogo wake kwenye benchi la zahanati, kaikalia mikono yake mwenyewe ili asijikune, akarudi mbio kwenye nyumba ya buibui. Lilikuwa ghala la zamani, lenye joto la kupikwa, rafu mpaka darini, na kila rafu imejaa maboksi ya plastiki yaliyotobolewa vitundu. Humo walifugwa buibui wakubwa wenye manyoya, wa kuuzwa kwa watu wanaopenda kuwatazama. Waliowalisha walikuwa na brashi ya rangi na kikombe, basi. Glavu hakuna, miwani hakuna.

Baba yao mdogo alikuwa mezani. Ndiye aliyewatafutia kazi, na ndiye, kwa elimu yake ya chuo, aliyebandika majina kwenye maboksi. Alikuwa analainisha gamba lililovuliwa na buibui ndani ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ili alifunue kwa sindano aone kama mwenyewe ni jike. Hakuinua kichwa.

Dada akamweleza alichosema daktari. Yule mzee akafuta vidole, akaanza kumfundisha kwa upole, kama vile jicho linaweza kusubiri somo liishe. Hawa wote ni familia moja, alisema: manyoya mwili mzima, meno mawili yanayoshuka sambamba kama misumari, macho manane yaliyosongamana juu ya kichuguu kimoja. Kinachowagawa ni jenasi, yaani ukoo ndani ya familia, na humu ndani jenasi ni moja.

Dada hakuwa mtu wa kusahau. Alikumbuka vizuri siku maboksi ya rafu ya chini yalipoingia. Siku ile baba mdogo aliyapokea amevaa miwani mikubwa ya plastiki, na alipomaliza akaitia kwenye droo, akawaambia wao waendelee na brashi.

Akashusha maboksi mawili, akayaweka mezani. Akampigia daktari, akaiacha simu wazi kwa sauti kubwa, akamwomba asikilize.

Akafungua boksi la kwanza. Katikati ya gamba la mgongo, nyuma ya macho, palisimama pembe nene kama kidole cha mtoto mchanga. Alipomgusa kwa brashi, buibui aliinua miguu ya mbele, akatoa meno, akakwaruza sauti kama sufuria inayosuguliwa. Hakugeuka. Mwenye pembe hageuki.

Boksi la pili lilikuwa la Bi Kipara. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu nyuma ya tumbo lake palikuwa na doa tupu linalong'aa kama utosi wa mstaafu. Mgongoni, penye pembe ya mwenzake, yeye alikuwa na kishimo tu.

"Baba mdogo, kibandiko hiki umeandika wewe. Pembe iko wapi?"

"Zipo spishi za jenasi hii zisizo na pembe, mwanangu. Hilo linajulikana."

Na ni kweli, zipo. Uongo wa wasomi haujengwi kwa udongo, hujengwa kwa matofali ya kweli.

"Na kipara?"

"Kajisugua kwenye boksi."

"Kwa hiyo hana nywele za kurusha."

"Hana."

"Basi inama umtazame kwa karibu, umwambie daktari ni spishi gani."

Akafungua kifuniko, akasukuma boksi mpaka chini ya kidevu cha mzee, akamgusa Bi Kipara kwa ncha ya brashi. Bi Kipara akageuka pole pole, akawapa mgongo. Akainua mguu mmoja wa nyuma.

Kiti kikaanguka. Baba mdogo alikuwa ukutani, mkono wa shati umefunika macho, na sauti ikamtoka bila ruhusa yake: "Funika. Funika, usivute pumzi."

Dada alikuwa ameshafunika, macho kayafumba.

"Nimesikia kiti," daktari alisema kwenye simu. "Kiti hakinitoshi. Nataka maneno."

Mzee akaishika meza. Akanong'ona kwamba tajiri atawafukuza wote watatu. Kwamba jenasi hii ya kigeni ikiandikwa kwa jina lake, sheria inadai miwani na glavu kwa kila mfanyakazi, na tajiri alisema hatanunua.

"Buibui ana macho manane, baba mdogo," Dada alisema. "Mtoto wa kaka yako anayo mawili."

Kisha mzee akainamia simu kama mtu anayekunywa dawa chungu.

"Daktari, si wa pembe. Ni jenasi nyingine, ya mbali. Hutikisa nywele za tumboni kwa miguu ya nyuma, na kila unywele una miiba inayousukuma ndani. Msimsugue. Zitoe."

"Naanza sasa," daktari alisema, na simu ikakatika.

Dada akabandua kibandiko cha Bi Kipara, akakiacha mezani mbele ya aliyekiandika. Akavuta droo, akatoa miwani, akaivaa. Halafu akachuchumaa kwenye rafu ya chini na kuanza kubandua vilivyobaki.