Migongo ya Watu wa Mwabungo

Watu wa Mwabungo nawajua kwa migongo yao. Huja pangoni kwangu na marashi, ubani na halua, huomba wanachoomba, kisha huondoka bila kutazama nyuma. Eti ukigeuka, mzimu hukufuata hadi nyumbani. Nikafuate nini? Wivu wenu nausikia harufu kutoka hapa hapa.

Mimi ndiye mzimu. Niko humu tangu pwani hii haina lami wala hoteli, na sijawahi kusalimiwa. Huyu ataka mume wa mwenziwe, yule ataka mnazi wa jirani ukauke. Wakikutana na mbuzi njiani humsemesha. Mimi huniagiza kama mtumishi. Nilikuwa nikijiambia kwamba salamu zao sizitaki. Hata hivyo, kila nilipozisikia nyayo nilijikuta natega sikio.

Alhamisi moja alikuja Bi Fauzia, muuza madera wa Ukunda, pamoja na Yusra, binti wa kaka yake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Fauzia akaweka kisahani cha halua. Halua yenyewe ilikuwa imeota ukungu.

"Ewe mwenye pango," akasema, "yule Cynthia aliyefungua duka mkabala na langu, mfungie riziki. Mpe na upele."

"Shangazi, hukubisha hodi," Yusra alinong'ona.

"Nimbishie nani? Pango hili!"

"Si umesema lina mwenyewe?"

"Nyamaza. Twende, na usigeuke!"

Wakaondoka. Penye mawe ndara ya Yusra ikanasa, ikamtoka mguuni. Akageuka kuichukua, na macho yake yakaangukia giza nililokaa. Akaona haya, kama mtoto aliyempita mkubwa kimya.

"Shikamoo," akasema.

Maneno yote niliyoyaweka akiba kwa karne nzima yalinikimbia. Nilijua vyema kwamba mzimu huheshimiwa kwa kunyamaza. Nikinyamaza, watarudi, wao na migongo yao.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.

Fauzia alipiga ukelele ulioamsha popo wangu wote. Akamkwapua Yusra mkono, wakatimka, binti wa watu mguu mmoja peku.

"Shangazi, ngoja! Ameitikia tu!"

"Ndiyo balaa lenyewe!"

Habari zilifika hadi mji wa Shimoni kabla ya magharibi. Tangu hapo haji mtu. Wajinga hawa! Mababu zao walikesha wakiniomba nijibu. Nimejibu salamu moja tu, wamenitoroka. Sasa halua zao wanaupelekea mti mmoja huko Galu ambao, nawahakikishieni, hamna mtu ndani yake. Unawafaa. Hautawaitikia kamwe.

Na wende. Ndara ya Yusra ninayo. Nimeipangusa mchanga, nikaiweka mlangoni, ncha yake ikielekea ndani, kama ya mgeni aliyekwisha kukaribishwa.