Kofi Moja kwa Kila Kilo

Waliohudhuria kikao cha Jumamosi, saa tisa alasiri, katika chumba cha darasa la nne:

Mwalimu, mwenyekiti na katibu, mwezi wa ishirini tangu apunguzwe tumbo.
Dereva wa lori, mwaka wa pili.
Fundi cherehani, mwezi wa tatu.
Karani mstaafu, hajapasuliwa, anatafakari.
Wifi yake fundi, mgeni, hakualikwa.

Aliyetoa udhuru: mpishi wa hoteli, mwezi wa saba, aliyetuma ujumbe kwamba ametazama chakula wiki nzima na leo hataki hata kukisikia kikitajwa.

Mwalimu huyo ni mimi. Vyeo vyote viwili nilipewa kwa kauli moja, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na ufunguo wa darasa. Kikundi chetu ni cha watu waliokatwa sehemu ya tumbo ili wapungue uzito, na kilianzishwa kwa sababu iliyo wazi: hospitali humfundisha mtu kula kwa siku tatu, kisha humrudisha nyumbani akaishi na watu walewale waliomnenepesha. Huko hukaribishwa kwa sahani iliyojaa na swali kwamba sasa alipasuliwa ili iweje. Mtu wa namna hiyo anahitaji wenzake. Anahitaji pia utaratibu, na hapo ndipo nilipoingia mimi na rula yangu.

Kwanza niliwaandikia kanuni ishirini, nikazipanga safu mbili za kumi kumi kwenye karatasi ngumu, nikazibandika juu ya ubao. Usinywe maji pamoja na chakula, subiri nusu saa. Anza na maharage, yai, samaki au nyama, vingine baadaye. Tafuna mara thelathini. Dereva aliitii hii ya tatu kwa moyo mmoja, akasema sasa anatafuna mpaka chakula kinamwomba msamaha. Pili nilichora jedwali la uzito, kila mtu na rangi yake ya wino. Tatu, na huu ndio ubunifu niliojivunia kuliko yote, niliweka desturi ya makofi. Kila mwezi mwanachama hupanda kwenye mizani ya shule, ile tunayopimia watoto, nami hutangaza kilo alizopunguza, na wenzake humpigia kofi moja kwa kila kilo. Si zaidi, si pungufu. Nimesomea ualimu miaka mitatu; najua nguvu ya kumtia mwanafunzi moyo.

Siku hiyo tulianza na dereva. Alikuwa ameongeza nusu kilo.

"Hizo ni soksi," alisema.

"Soksi za chuma?" aliuliza karani.

"Wewe nyamaza. Mwaka mzima unakuja hapa kutafakari, hata ukucha hujakata."

Karani alipendekeza tusimame dakika moja kwa ukimya kwa ajili ya nusu kilo hiyo. Nililikataa pendekezo kwa kuwa halikuwa katika ajenda, nikamwita fundi.

Fundi alikuwa fahari ya jedwali langu. Rangi yake ilikuwa ya kijani, na mstari wake uliteremka umenyooka kana kwamba nimeupiga kwa rula, ilhali mistari ya wengine ilijikunjakunja kama njia ya mlevi. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kidogo, mcheshi, na ndiye aliyetupunguzia nguo sote. Hapakuwa na suruali wala gauni chumbani humo lisilokuwa na mshono wake. Alipanda mizani akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na bega la wifi yake kwa mkono wa pili. Nilimwambia aachie, kwa ajili ya usahihi. Akaachia, akayumba, nikasoma haraka.

"Kilo kumi na nne," nilitangaza. "Kwa mwezi mmoja."

Tulipiga makofi kumi na manne. Niliyahesabu kwa sauti, kama ilivyo desturi. Fundi alitabasamu, machozi yakimlengalenga. Wifi yake, mwanamke mrefu aliyekaa kwenye dawati la karibu na mlango na pochi mapajani, hakupiga hata moja. Niliandika pembeni: *mgeni hana ushirikiano*.

Ajenda ya pili ilikuwa changamoto za mwezi. Fundi ndiye aliyeanza, kwa mzaha kama kawaida yake.

"Changamoto yangu ni cherehani. Juzi nimeshona mkono wa gauni kwenye shingo. Mguu unakanyaga wee, mimi sina habari. Nikadhani nimeacha kumbe naendelea. Mteja kaja kujaribu, kichwa kimetokea kwapani."

Dereva alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka, kwa kiasi, kisha nikaandika: *changamoto za kikazi, ndogo*.

"Na chakula?" niliuliza. "Unakula vizuri?"

"Vizuri sana, mwalimu. Kwa kanuni zote ishirini."

"Anakula vizuri," alisema wifi yake kutoka mlangoni, "na anakirudisha vizuri."

Fundi hakugeuka. "Wifi, si nilikuambia uje ukae tu?"

"Nimekaa. Mdomo ndio umesimama." Akaiweka pochi juu ya dawati, akanitazama mimi. "Mwalimu, samahani, mimi si mwanachama na tumbo langu ninalo lote. Lakini nakaa na huyu nyumba moja. Hii ni wiki ya tatu. Uji, anatapika. Mchuzi, anatapika. Maji matupu, anatapika. Vile vidonge vyenu vya vitamini navitoa kwenye beseni vikiwa vizima; ningekuwa bahili ningevirudisha chupani. Halafu mnampigia makofi. Mimi nimesoma mpaka la saba tu, kwa hiyo naomba nieleweshwe."



"Ni kawaida," alisema fundi. "Mwanzo ni mgumu, si ndivyo mlivyosema? Dereva mwenyewe alitapika mwezi mzima."

Dereva alitazama viatu vyake. "Mimi nilitapika siku moja, dada. Nikasimulia mwezi mzima."

"Unaona?" alisema wifi.

"Naona kwamba umefurahi," fundi alimgeukia sasa, na mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Ndicho ulichokuwa unangoja. Wewe na mama. Siku naenda kupasuliwa nani alisema watu wanakosa chakula bure, mimi nakwenda kujikosesha kwa daktari? Mama akasema nakata tumbo nililopewa na Mungu, nitajuta. Sasa nirudi hospitali niseme nini? Niwaambie nyinyi mmeshinda?" Akatufagia sote kwa macho. "Hapa napigiwa makofi. Mnajua mara ya mwisho watu kunipigia makofi mimi? Nilivunja kiti arusini."

Nilipaswa kusema jambo la hekima. Cheti changu kinanipa haki hiyo. Badala yake nilijikuta nimeinua macho kwenye karatasi ngumu juu ya ubao, kwenye safu zangu mbili za kumi kumi, zilizo sawa kama askari katika gwaride.

Sharti nieleze jambo moja, maana hakuna mwingine anayeweza kulieleza. Kanuni zile sikuzitunga mimi. Nilizinakili kutoka kijitabu tulichopewa hospitalini, na kijitabu hicho kilikuwa na vipengele ishirini na viwili. Ishirini na viwili ni idadi isiyopangika. Ukiweka safu mbili za kumi na moja, karatasi haitoshi. Ukiweka tatu, moja inabaki kiwete. Nilikaa nayo jioni nzima. Mwishowe nikavikata vile viwili vya mwisho, kwa kuwa vilikuwa virefu, na kwa kuwa havikufundisha namna ya kupungua bali vilitisha tu, na mwalimu mzuri hatishi darasa.

Kijitabu kilikuwa katika mkoba wangu, ndani ya bahasha, kimekunjwa vizuri. Nilikifungua ukurasa wa mwisho, nikasoma kwa sauti ileile ninayosomea imla:

"Ishirini na moja. Vidonge ulivyotapika havikukusaidia. Mwili unaweza kuishiwa vitamini hata kama unavimeza kila siku. Ishirini na mbili. Ukitapika zaidi ya siku mbili, au ukipata ganzi ya miguu, au ukiyumba unapotembea, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri miadi. Kuchelewa kunaweza kudhuru mishipa ya fahamu, na madhara mengine hayaponi."



"Hicho kipengele," alisema karani taratibu, "mbona hakipo ukutani?"

"Hakikuenea," nilisema.

Alilitafakari jambo hilo, kama anavyotafakari kila kitu. "Kwa hiyo kumi na manne yale," alisema, "tulikuwa tunayapigia makofi matapishi."

Nimewahi kukaguliwa na wakaguzi wa wizara mara sita katika utumishi wangu. Hakuna aliyewahi kuandika ripoti fupi kama hiyo.

Nilimwomba fundi avue kiatu na soksi. Alisita, akasema soksi zake zimetoboka, fundi na aibu hiyo. Nikamwambia darasani kwangu nimeona mabaya zaidi. Nilipiga goti sakafuni, nikamwambia afumbe macho, nikachukua penseli niliyoichonga asubuhi ile, yenye ncha kali kama sindano, nikaanza na kidole gumba. Nilibonyeza. Nikaenda kidole cha pili, cha tatu, nikabonyeza kwa nguvu zaidi, mpaka cha mwisho, ambapo ncha iliacha alama nyeusi.

"Sasa niambie," nilisema, "nimegusa kidole gani?"

Fundi bado alikuwa amefumba macho. "Si uanze kwanza," alisema.

Dereva aligeukia dirishani. Wifi alisimama, akaja, akachukua ile penseli mkononi mwangu, akaitazama ncha yake, kisha akaitazama ile alama kwenye kidole.

"Fumbua macho," alimwambia fundi. "Tazama mguu wako."

Fundi alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine. Kisha akavuta soksi yake, akaivaa, na nilimwona akikosea kisigino mara mbili.

"Nitakwenda Jumatatu," alisema.

"Leo," nilisema.

"Mwalimu, nina sare arobaini za shule yako. Nyuma ya mlango zimerundikana hazina hata vifungo. Wewe mwenyewe ulisema zikichelewa utaninyang'anya kazi."

Ni kweli nilisema hivyo, tena kwa maandishi. "Watoto watavaa za zamani," nilimjibu.

"Zimechanika."

"Basi watavaa zilizochanika. Watajifunza uvumilivu, somo ambalo halimo kwenye mtaala."

Hakucheka. Alikuwa akimtazama wifi yake, na sote tulijua kwamba sare hazikuwa shida. Wifi alivuta kiti cha mtoto, akakaa mbele yake, magoti yamemfika kidevuni.

"Sikiliza, wifi," alisema. "Mimi sisemi kwamba nilisema. Nitasema ukipona. Nitasema kwa raha zangu, mwaka mzima, mbele za watu, na wewe utanijibu kwa huo mdomo wako. Lakini kusema na maiti sina hamu. Maiti hajibu."

"Na mama?"

"Mama nitamwambia tumekwenda kununua vifungo."

"Siku nzima?"

"Vifungo vya sare arobaini. Ni vingi."

Fundi alicheka kidogo, cheko lililogeuka kwikwi, na kwikwi ikageuka kile tulichokuwa tunakijadili. Dereva aliwahi na ndoo ya kuoshea ubao. Yalikuwa maji tu, na hata hayo machache. Wifi alimshika paji la uso kwa namna iliyoonyesha kwamba amefanya hivyo mara nyingi, nyakati ambazo sisi wengine tulikuwa nyumbani kwetu tukitafuna mara thelathini. Alipomaliza, alimfuta mdomo kwa upindo wa mtandio wake mwenyewe, akamwambia kwamba mtandio huo ni mpya na ataufua yeye fundi, kwa mkono.

"Haya," alisema fundi. Sauti ilikuwa ndogo. "Haya, twende. Ila wakitaka kunipasua tena mje mniambie nyinyi, si wao."

"Huenda ikawa sindano tu za vitamini," nilisema, kisha nikajisahihisha, maana nilikuwa nimekwishasema mengi nisiyoyajua. "Sijui watafanya nini. Tutawauliza."

Karani alikwishasimama, mkongojo mkononi. Alisema angependa kuja naye, akaone hospitali yenyewe ilivyo, katika kutafakari kwake. Dereva alimwambia lori lina nafasi ya watu wanne mbele, tena wanne wa sasa. Wa zamani tusingeenea wawili. Karani akakubali kubaki kufunga darasa, na kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe nilimkabidhi mtu mwingine ufunguo wangu bila kumwandikisha.

Hata hivyo, kikao hakifungwi chenyewe. Nilisimama mbele ya ubao, nikangoja mpaka wote wakanitazama, nikatangaza:

"Kikao kimevunjwa. Fundi anakwenda hospitali sasa hivi, wala si Jumatatu. Wifi yake anakwenda naye, dereva anatupeleka, na mimi nitaingia mwenyewe kwa daktari kumweleza kwamba kwa wiki zote hizi tatu mgonjwa alikuwa chini ya uangalizi wetu."