Tingatinga na Kobe

Fundi wa makochi alikuwa anashona mkanda wa kinga za mabega, na mshono unamwendea upande. Si kwamba kazi ilimshinda. Cherehani yake ilitoboa ngozi nene kila siku, sembuse mkanda uliokatika! Kilichomvuruga kilikuwa kimeketi mbele yake, kwenye kochi ambalo bado halijavikwa kitambaa, kinacheka: mumewe, ambaye uwanja mzima wa raga ulimwita Tingatinga.

Kinga zenyewe zilikuwa za shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyeiacha raga akahamia mpira wa Kimarekani. Kosa hilo kaka yake hakumsamehe. Alimbandika jina la Kobe, kwa kuwa haingii uwanjani mpaka ajifunike gamba.

"Helmeti, nondo usoni, sponji mabegani, sponji mapajani," Tingatinga alisema. "Dogo, unakwenda kucheza au unasafirishwa kama sahani za udongo?"

Mama yao, aliyekuja kuwatembelea, alicheka hadi akajifuta machozi.

"Cheka tu, kaka," Kobe alijibu. "Kwenu lazima umkumbatie mtu ndipo umwangushe. Ukimgonga kwa bega tupu, refa anakutoa. Kwetu mtu anakujia kwa kasi yake yote, hata mpira huna, anakubomoa. Bila helmeti saa hizi ningekuwa nalishwa uji."

"Na mkigongana kidogo tu, filimbi, mnakwenda kufanya mkutano! Kwetu unaangushwa, unainuka, unakimbia. Mwanaume kinga yake ni ngozi yake."

Mwanaume! Fundi alilimeza neno hilo kama kidonge kichungu. Maana yeye alikuwepo kwa daktari. Kwenye mechi iliyopita Tingatinga aligongwa kichwani na goti la mtu, akazimia kidogo, na alipoinuka watu wakampigia makofi, wajinga wale. Daktari hakupiga makofi. Aliwaambia wote wawili, tena waziwazi, kwamba ubongo umetikisika, na akigongwa tena kabla haujapona, anaweza asiamke. Walipotoka tu mlangoni, mumewe alimshika mkono akamwapisha asimwambie mtu yeyote, hasa mama. Tangu hapo hakuligusia tena jambo hilo. Mkewe akaona ni ukaidi wake wa siku zote. Akawa anafunga mapazia kwa sababu mwanga ulimuumiza macho bwana, na wageni wakija anawaambia amechoka.

"Haya, tumalize ubishi," Tingatinga alisema akisimama. "Dogo, vaa gamba lako twende uani. Mimi na ngozi yangu. Nijie kwa hiyo kasi yako tuone nani atalala chini."

"Mkanda bado," fundi alidakia.

"Si umeshakata uzi?" mama mkwe alisema. "Mpe, mwanangu. Hawa tangu wadogo ndivyo walivyo."

"Nataka kuurudia, mama. Haujashika vizuri."

"Shemeji, huu hata lori utavuta," Kobe alisema, akazitoa kinga mikononi mwake taratibu, akavaa.

Uani kulikuwa na saruji tupu na fremu za makochi zimeegeshwa ukutani. Tingatinga alivua shati, akajipiga kifua. Kobe alirudi nyuma mpaka getini, akainama. Fundi alisimama mlangoni. Akisema, atakuwa amemwaibisha mumewe mbele ya mama yake, na kiapo amekivunja. Akinyamaza, huenda akamzika. Kobe akaanza kukimbia.

"Simama!" Fundi alijitupa katikati yao, mikono juu. "Shemeji, usimguse! Daktari amemkataza! Akigongwa kichwa tena anaweza kufa!"

Kobe alisimama kwa shida, nusura amparamie. Fundi alimgeukia mumewe, amejiandaa kufokewa, kuitwa msaliti, hata kununiwa mwezi mzima. Heri achukiwe, mradi mtu wake yuko hai.

Tingatinga alimtazama, amekunja uso kwa sababu ya jua.

"Daktari gani?"

Mama mkwe alimnyooshea mwanawe kidole, akaangua kicheko. "Mtoto huyu kwa mizaha!" Kobe naye alicheka ndani ya helmeti.

Fundi hakucheka. Alimjua mumewe anapotania. Mdomo humpinda upande mmoja. Sasa haukupinda.

"Daktari, mume wangu. Tulikwenda wote. Ukaniapisha nisiseme."

"Nikuapishe?" aliuliza kwa upole, upole wa mtu asiyetaka kumuumbua mkewe mbele ya watu. "Lini?"

Mungu wangu! Kumbe siri ile alikuwa anaitunza peke yake. Fundi aliutamani ugomvi. Alitamani mumewe amfokee mpaka majirani watoke nje, amwite majina yote mabaya, ilimradi akumbuke. Alimshika mkono kwa nguvu, naye akauacha ushikwe, anamtazama tu, anasubiri aelezwe.

Kobe alikuwa ameacha kucheka na anavua helmeti. Mama yao alikuwa bado anacheka.